Konzi ya Pili

Makao ya Guru Kenaram,
Kijiji cha Shimulgachhi,
S.L.P. Ilambazar,
Wilaya ya Birbhum.

19 Falgun 1389, mwaka wa Kibengali

Mpendwa mdogo wangu Tarapada,

Pokea salamu za dada yako, na umpe mkeo Shefali nusu yake kabla hajakunyang'anya zote. Kifua chako kimepoa? Bwana Samanta alipokuja likizo aliniambia umekohoa majira yote ya baridi kwa sababu ya moshi wa karakana ya reli. Kunywa tangawizi na sukari guru, na Shefali akisema ni dawa ya kishamba, mwambie shamba ndilo lililokukuza. Na Mithu, meno yake ya mbele yameota? Bapi bado anaogopa king'ora cha treni, au ameshakuwa mwanamume?

Mimi sijambo, kwa kadiri ya mtu wa miaka sitini. Goti la kushoto limevimba, na visigino vimepasuka kiasi kwamba vumbi jekundu la huku limeingia na halitoki hata nikisugua. Shemeji yako Gosai ni mzima wa mwili. Anakula, anatembea kunishinda mimi, na sauti yake bado inatoboa ukuta. Mengine yanayomhusu nitayaandika hapa chini, maana ndiyo barua yenyewe.

Telegramu yako imefika juzi. Tarishi aliisoma kwa sauti pale penye duka la bisi za mchele, kwa hiyo Shimulgachhi nzima inajua ulichoniambia. "Dada hukushuka. Nini kimetokea. Nitatuma tiketi nyingine. Unakuja au huji." Najua ulisimama kituoni Jabalpur na watoto, mkaangalia kila behewa mpaka treni ikaondoka. Nimeliwaza hilo kila siku tangu siku ile. Nisamehe, mdogo wangu. Ningeweza kukujibu kwa neno moja, lakini kwa wema ulionifanyia neno moja lingekuwa tusi. Nipe muda wako kidogo, na uvumilie mwandiko, maana bado ni ule ule wa darasa la nne.

Kwanza, asante kwa chumba. Picha aliyoichora Mithu nimeibandika ukutani kwa uji wa wali. Kuna kitanda, kuna dirisha, kuna bomba la maji humo humo ndani, na kuna mtu mwenye nywele nyeupe amekaa kitandani akicheka mdomo wazi. Nadhani ndiye mimi, ingawa amenipa vidole vinane mkono mmoja. Nisikufiche kitu, Tarapada. Bomba lile nimeliangalia zaidi ya nilivyomwangalia mungu yeyote mwaka huu.

Nimechoka. Sikuwahi kukuandikia neno hilo kwa sababu niliapa kwamba hutalisikia kinywani mwangu. Ulikuwa na miaka minane nilipomfuata mwimbaji wa barabarani mwenye joho la viraka na zeze la uzi mmoja, na ukamrushia ndala. Ilimpata sikioni. Miaka yote akisimulia habari za kwetu alikuwa akisema, "Watu wa nyumba ile ni wakarimu sana, walinipa kiatu." Baba alisema nisirudi mpaka miguu yangu imenifundisha adabu. Basi imenifundisha. Miaka arobaini na moja kutoka kijiji hadi kijiji, mvua ikinyesha na jua likiwaka, njuga miguuni na mkoba begani, na siku hizi nikiamka asubuhi hukaa kwanza ukingoni mwa mkeka nikibembeleza miguu kama mtu anayembembeleza mbuzi mkaidi.

Mwaka huu kwenye maonyesho ya Kenduli tulikaa siku tatu kwenye majani ya mpunga. Waimbaji vijana wamevaa saa za mkononi na wana wapiga ngoma watano watano. Sisi tulipewa jukwaa saa ya chakula, watu wakiwa wanatafuna. Gosai aliimba wimbo wa guru wetu, ule wa mwanamke anayegeuza nyumba nzima akitafuta ufunguo ambao ameufunga mwenyewe kwenye pindo la sari yake. Akamaliza vizuri, watu wakashangilia. Kisha akauanza tena. Alipouanza mara ya tatu watu wakaangua kicheko, wakidhani ni mzaha wa mzee. Mimi nilikuwa napiga matoazi nyuma yake, na nilijua si mzaha. Nilijua tangu masika.

Hapo ndipo inabidi nikueleze kitu ambacho wewe, mtu wa mshahara, hukijui. Guru Kenaram, siku aliyotuoza mimi na Gosai kwa kutubadilishia shanga za shingoni, alituwekea masharti manne. Mlango mmoja, wimbo mmoja. Mlango mmoja, konzi moja ya mchele, kadiri mkono wa mwenye nyumba unavyobeba. Usirudi mlango ule ule siku ile ile. Na kamwe, hata ukiwa unakufa kwa njaa, usiombe nyongeza. Alisema ukiomba nyongeza umeupima wimbo kama mpunga gulioni, na huo si wimbo tena. Kulikuwa na la tano pia, kwamba tusizae, tusiwe na kitu cha kutushika mahali. Ndiyo maana hatuna mtoto wa kumwachia mtu yeyote kati yetu.

Gosai aliyashika masharti hayo kama roho yake. Tulipokuwa vijana, kule Dubrajpur, mama mmoja alinimwagia konzi yake mkobani nami nikasema, kwa utani tu, "Mkono wako mdogo, mama, ongeza." Akaongeza. Gosai hakusema neno mpaka tukafika nje ya kijiji, kisha akanirudisha mwendo wa saa nzima juani nikamrejeshee yule mama nyongeza yake. Niliihesabu punje kwa punje kwa hasira, nikamwambia, "Haya, chukua, mume wangu ana wazimu." Yule mama alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikumsemesha Gosai siku mbili. Yeye aliimba siku zote mbili, maana hakujua kununa ni kitu gani.

Sasa mtu huyo huyo anarudi mlango ule ule mara tatu kwa siku. Hafanyi ujanja. Akishaondoka kwenye ua, ule ua umefutika kichwani mwake. Majina ya watu yamekwenda, njia zimekwenda. Wakati mwingine mimi pia nakwenda, ananitazama kwa adabu na kuniita mama, kama anavyomwita kila mwanamke mlangoni. Nyimbo tu hazijatoka. Anaweza kusahau kama amekula, lakini hapotezi hata mstari mmoja wa guru.

Watu wa hapa wana moyo, lakini moyo nao hujaa. Jirani yetu Nanibala, mke wa Ghosh mwenye gari la ng'ombe, ana mdomo mkali kuliko wote na ndiye aliyevumilia kuliko wote. Siku moja mwezi wa Poush nilifika kumchukua Gosai uani kwake nikamkuta Nanibala amesimama mikono kiunoni.

"Khanto, dada yangu, huyu mzee wako anadhani nyumba yangu ni stesheni? Asubuhi kapita, saa nne kapita, sasa huyu hapa tena na ufunguo wake wa kwenye pindo! Mwambie ufunguo nimeshauona, yatosha!"

"Usimpe kitu, Nani," nikamwambia. "Mwache aimbe, aende."

"Nisimpe kitu? Mtu amesimama mlangoni kwangu na zeze, nisimpe kitu? Unataka mama mkwe wangu afufuke aje anicharaze?" Akachota konzi nyingine huku anasonya. "Mume wangu anauliza mchele unakwenda wapi. Nimwambie nini, panya wanajua kuimba?"

Nilicheka naye. Nikafika nyumbani nikamwaga ule mchele wa pili kwa njiwa, maana haukuwa halali yetu, na aibu ilikuwa inaniwaka usoni kama pilipili. Tangu hapo nikawa namfuata. Yeye mbele, mimi hatua ishirini nyuma, kijiji hadi kijiji, ili nimgeuze akianza kurudia. Anatembea haraka. Goti langu halitaki. Zeze lenyewe nalo limezeeka, kigingi cha kukazia uzi kinateleza, na katikati ya wimbo uzi hulegea, zeze likalia kama kibogoyo anayetafuna mua. Anasimama, anakaza, anaendelea, na mimi nyuma nimeshika ukuta wa mtu nikihema.

Katika hali hiyo ndipo Bwana Samanta akaja likizo na barua yako, akaninunulia ile tiketi pale Bolpur na kunitilia mkononi.

Nitasema wazi, maana sisi ni wa tumbo moja. Uliandika kwamba nafasi ni ya mtu mmoja. Uliandika kwamba mmebanana, kwamba mzee asiyejua mlango wa kutokea hawezi kuishi ghorofa ya tatu, na kwamba Kalachand, ndugu yetu wa kwa guru, anaweza kumtunza hapa makaoni. Yote hayo ni kweli. Kisha chini kabisa, kwa herufi ndogo, uliandika kwamba umeshawaambia majirani kuwa dada yako ni mjane, hivyo nisije na nguo ya rangi ya manjano bali sari nyeupe, ili pasiwe na maswali.

Niliposoma mstari huo sikukasirika. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Nilifikiri tu nitaipata wapi sari nyeupe.

Nanibala alinipa moja ya marehemu mama mkwe wake, safi, isiyo na ukingo hata uzi mmoja wa rangi. Kalachand alikubali kumtunza Gosai. "Nenda, dada," akasema, "umeshatembea sehemu yako. Mimi nitamfunga kamba kiunoni kama ndama ikibidi." Alikuwa anatania, lakini usiku ule niliota kamba.

Siku ya safari, tarehe 12, nilimpikia Gosai wali na mbilingani za kuchoma. Nikamkaza uzi wa zeze. Nikamfunga njuga, maana vidole vyake siku hizi havipati fundo. Sikumuaga. Ningemuaga namna gani mtu ambaye baada ya mlango mmoja angekuwa amesahau? Niliyasema hayo moyoni kama wakili anayemtetea mwizi. Akatoka na Kalachand nyuma yake. Alipofika kwenye mti wa shimuli akageuka akaniambia, "Mama, asante kwa chakula." Nikaingia ndani nikavaa ile nyeupe.

Gari la Ghosh lilikuwa liondoke na majani ya mpunga kwenda Bolpur kabla ya adhuhuri, nami nikaenda kungojea uani kwa Nanibala, na kifurushi changu mapajani. Nanibala alikuwa zizini. Jua lilikuwa kali, nikajifunika pindo la sari kichwani mpaka kwenye paji, nikakaa kwenye kizingiti. Nilikuwa nimetulia. Nilikuwa nafikiria bomba.

Nikasikia njuga.

Alikuwa peke yake. Kalachand, nilikuja kujua baadaye, alikaa kidogo tu kunywa chai. Gosai akaingia uani akasimama palepale anaposimama kila siku, hatua tatu kutoka kizingitini, na nikajua kwa uzito wa mkoba kwamba ameshapita hapo asubuhi, maana huo ndio mlango anaoanzia. Akainamisha kichwa kwangu. Akaanza wimbo wa ufunguo.

Tarapada, miaka arobaini na moja nimeusikia wimbo ule kutoka nyuma. Mimi ni mtu wa matoazi, nasimama begani kwake. Sikuwahi hata mara moja kusimama mlangoni ukiimbwa kuja kwangu. Sikujua kwamba anaimba akiwa amefumba macho. Sikujua kwamba kwenye mstari wa mwisho, anapolitaja jina la guru, hufumbua na kumtazama mwenye nyumba kama mtu aliyemletea habari njema kutoka mbali. Mstari wa tatu uzi ulilegea. Akasimama, akakikaza kigingi, akaniomba radhi kwa kichwa, akaendelea pale pale alipoachia.

Alipomaliza, hapakuwa na mtu mwingine wa kutoa. Aliye kizingitini ndiye mwenye mlango. Nikanyanyuka, nikaingia kwa Nanibala, nikatia mkono kwenye chungu cha mchele, nikachota konzi. Nikatoka nikamwagia mkobani. Pindo lilikuwa usoni kwangu, na hata lisingekuwapo sijui kama angenijua.

Akaiona nyeupe. Akasema kwa upole, "Pole kwa msiba, mama. Umefiwa na mume?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ni siku nyingi?"

Nikasema, "Leo asubuhi."

Akalishusha zeze chini, kitu ambacho hafanyi mlangoni kwa mtu. "Leo asubuhi," akasema. "Basi usikae peke yako, mama. Ita watu. Msiba wa leo hauketiwi na mtu peke yake." Akanibariki kwa jina la guru, akageuka kuondoka. Akafika kwenye lango la mianzi, akasimama. Nikaona mgongo wake unabishana. Halafu akarudi.

"Mama," akasema, "nina aibu. Una msiba, nami nakuletea maneno. Tangu nivae joho hili sijamwomba mtu nyongeza, guru wangu alinikataza. Lakini nina mtu nyumbani. Miguu yake imekwisha. Kila siku ananifuata nyuma akidhani simsikii, na mimi namsikia goti lake. Niongezee konzi moja, mama, kesho abaki alale."

Nilichojua ni kwamba mtu yule alikuwa amesahau sura yangu, na jina langu, na kwamba amepita hapo asubuhi, lakini goti langu hakulisahau. Na kwa ajili ya goti hilo amevunja sharti ambalo kwalo alinirudisha Dubrajpur juani kwa punje chache.

Nilirudi ndani nikachota. Nilichota kwa mikono miwili, Nanibala anisamehe, na nikammwagia yote.

"Mkono wako mkubwa, mama," akasema akicheka kwa haya, akaondoka na njuga zake.

Wakati huohuo Nanibala akatokea zizini na ndoo, na Kalachand akaingia mbio upande wa pili akihema, "Amepita hapa? Amepita hapa?" Na Ghosh akapiga kelele kutoka barabarani kwamba ng'ombe wamefungwa, abiria apande. Nikawa nimesimama katikati nalia kama mtoto, mchele umenitapakaa miguuni.

Nanibala alinitazama. Akautazama mchele. Mwanamke yule ana mdomo, lakini macho pia anayo.

"Unapanda hupandi?" akauliza.

Nikatikisa kichwa.

"Basi vua sari ya mama mkwe wangu. Nilimpa mjane. Sikumpa mke wa mtu." Kisha akamgeukia mumewe huko nje, "Nenda zako na majani yako! Hakuna abiria hapa, kuna kichaa tu!"

Nilirudi nyumbani na nguo yangu ya manjano. Nikaupika mchele ule. Ulikuwa mwingi, tukamwita Kalachand ale nasi, akala huku ameinamisha kichwa kwa sababu ya ile chai. Gosai alikula vizuri. Alipomaliza alinisogelea na kunong'ona, "Leo nimekutana na mjane, maskini, amefiwa asubuhi. Nikavunja sharti mbele yake. Usimwambie guru." Guru ana miaka kumi na miwili kaburini, amezikwa ameketi, hatua hamsini kutoka hapo tulipokuwa. Nikamwambia sitamwambia.

Sasa usidhani dada yako amegeuka mtakatifu. Nilipokuwa naosha sufuria kisimani nilisikia kwa mbali king'ora cha treni ya Bolpur, nikalia tena, na safari hii nililia kwa hasira. Nililililia bomba. Nililililia kitanda. Nilimchukia kwa kunisikia goti, maana angenyamaza tu ningekuwa ndani ya behewa. Hasira hiyo bado inanijia siku nyingine, hasa asubuhi. Na kesho yake hakukumbuka kwamba alitaka nilale. Aliamka, akachukua zeze, akatoka, nami nikajikongoja nyuma yake hatua ishirini. Joto la mwezi wa Chaitra linakuja, na sijui tutalivukaje.

Kitu kimoja tu kimebadilika. Simfuati tena nyuma. Natembea naye ubavuni, nimemshika kiwiko, na tunakwenda mwendo wa goti langu. Vijiji ni vichache kwa siku, na mchele ni mchache, lakini harudii mlango, kwa sababu mimi ndiye ninayechagua. Akiniita mama, naitika.

Basi jibu lako ni hili, Tarapada. Siji. Usitume tiketi nyingine, na usidhani nimekasirika, kwa kuwa kosa la sari nyeupe ni langu, mimi ndiye niliyeivaa. Ila nina ombi moja, na katika miaka yote hii sijakuomba jingine. Waambie majirani zako ukweli. Waambie shemeji yako yu hai, ni mwimbaji wa milangoni, amezeeka na kichwa kimemtoka, na kwamba ulipokuwa mtoto ulimpiga na ndala. Shefali ataona aibu wiki moja, kisha watu watapata habari nyingine ya kuzungumza.

Ile tiketi uliyoninunulia imeharibika, nisamehe. Ilikuwa kadi ngumu, nzuri sana. Nimeikata ukanda mwembamba nikaushindilia kwenye tundu la kile kigingi kilichokuwa kinateleza. Tangu hapo uzi haujalegea hata mara moja.

Msalimie Shefali, na umwambie sina kinyongo naye hata kidogo. Mpakate Mithu kwa niaba yangu na umwambie picha yake inakaa vizuri ukutani, ila aniongezee mtu mmoja pale kitandani, mzee, mwenye zeze. Mwambie Bapi king'ora cha treni hakiumi, hata mimi kinanitisha. Bwana Samanta mpe shukrani na pole kwa usumbufu. Kalachand na Nanibala wanakusalimu, na Nanibala anasema ukija uje na mchele wako. Mungu anayekaa ndani ya kila mtu akulinde njiani na nyumbani, akuponye kifua, na akupe uzee wenye mtu wa kukusikia goti.

Ni mimi dada yako nisiyeacha kukupenda,

Khantomoni,
mke wa Bongshibadan Gosai, ambaye yu hai.